Yafute Yote, na Pipa Ulimwage

Mke wangu wanamwita Masjala. Kazini wanamwita hivyo, mtaani wanamwita hivyo, na mimi mwenyewe, mume wake wa ndoa, nikimwita kwa jina lake la kuzaliwa haitiki, anadhani kuna mgeni nyuma yake. Masjala ni kile chumba cha kuhifadhia mafaili katika ofisi yao ya maji. Yeye ndiye mtunzaji wake tangu alipokuwa msichana wa kiuno chembamba hadi leo, ambapo mimi fundi cherehani ndiye ninayevijua vipimo vyake, na sivitaji hapa kwa sababu bado napenda kula nyumbani.

Chumba chenyewe nimekiona. Rafu zimepanda hadi dari, mafaili ya kahawia yamefungwa kamba, kila mteja wa maji ana lake, na ukiingia unapokelewa na harufu ya karatasi kuukuu. Kuna meza moja, dirisha moja, pipa la taka mlangoni, na kitambaa cha kufutia ambacho nilimshonea mimi kutokana na mabaki ya suruali ya mtu. Adui yake mkubwa katika dunia hii ni panya. Panya aliwahi kula nusu ya faili, akala anwani akaacha jina, na Masjala alitembea siku nzima kumtafuta mteja mwenyewe ili amrudishie anwani yake. Akikusimulia kisa hicho utadhani aliibiwa mtoto.

Basi akaletwa bosi mpya. Kijana, suti ya kubana makalio ambayo mimi nisingeikata vile hata kwa kushikiwa bunduki, viatu vya ncha. Kila sentensi yake ilikuwa na neno mfumo. Mfumo utatusaidia, mfumo hauruhusu, tusubiri mfumo. Siku yake ya kwanza haijaisha, wafanyakazi walishambatiza: Mfumo.

Mfumo akaita mkutano. Akawaambia dunia imehama, mafaili yote yanaingia kwenye kompyuta, na kila mfanyakazi atasoma. Darasa la mtandaoni, jioni, kila mtu nyumbani kwake, ili wasipoteze muda wa kazi. Yaani wapoteze wa kwetu. Mwisho kuna mtihani. Atakayefaulu anapewa cheti na anabaki kwenye nafasi yake. Atakayeshindwa atatafutiwa sehemu inayomfaa.

Sehemu inayomfaa ilijulikana. Ni kile kibanda cha getini, cha mabati, ambacho mtu hukaa na kalamu akiandika majina ya wageni wanaoingia.

Jioni ile Masjala alirudi nyumbani, akapita juu ya nyuzi na vipande vya vitambaa vilivyotapakaa sakafuni kwangu, asiseme neno. Mimi huyo nikaogopa. Tangu tuoane, hakuna siku aliyopita juu ya nyuzi zangu bila kunipa vidonge vyangu.

"Fundi," akasema, maana naye ananiita kwa kazi yangu, "mimi wa kupelekwa getini?"

"Nani kasema?"

"Mfumo."

"Kwani getini kuna ubaya gani? Kuna hewa." Nilitaka kumchangamsha. Aliniangalia jicho moja tu, nikarudi kwenye cherehani yangu.

"Yale mafaili nimekaa nayo kuliko nilivyokaa na wewe," akasema. "Na hayajawahi kunijibu hovyo."

Ofisi ikamwazima kompyuta ndogo ya kukunja. Tukazunguka nayo nyumba nzima kutafuta mtandao. Chumbani hakuna, jikoni hakuna, uani upo kwa kuruka ruka. Mahali pekee uliposhika sawasawa ni pale pale ninapofanyia kazi, pembeni ya cherehani, penye dirisha. Na cherehani yangu ikinguruma darasa zima linaisikia. Kwa hiyo kila jioni nikanyamazishwa. Nikabaki na kazi za mkono, vifungo na pindo, huku nikisikiliza. Hivyo ndivyo nilivyoandikishwa shule uzeeni bila kuombwa.

Mwalimu wao alikuwa binti mwenye sauti ya filimbi. Sura yake hatukuiona vizuri kamwe, maana kamera yake ilitazama dari. Tulifundishwa na paji la uso na feni. Lakini alikuwa mkali wa lugha! Salale!

"Hapa hatusemi sevu, tunasema hifadhi," alituambia siku ya kwanza. "Hatusemi kopi, tunasema nakili. Hatusemi diliti, tunasema futa. Tuna lugha yetu, jamani, tuionee fahari!"

Sasa, pale ofisini hakuna aliyewahi kusema hayo. Vijana wote wanasevu na kudiliti kutwa nzima, na Mfumo ndiye kinara wao. Mtunza stoo wao, ambaye naye tunamwita Stoo, mtu wa mwili na maswali mengi, akauliza, "Mwalimu, na kompyuta yenyewe?"

"Tarakilishi."

Kisha nikasikia nyumba zote zile zikijaribu kulitamka, kila moja kwa makosa yake, na somo la kwanza likaishia hapo.

La pili lilianza vibaya zaidi. Mwalimu alisema, "Haya, kila mtu ashike kipanya chake." Masjala akavuta mkono nyuma kama aliyeguswa na moto.

"Mwalimu," akasema, "mimi hao nawatega. Siwashiki."

Ilibidi afunikiwe kile kidude kwa kipande cha kitambaa nilichomkatia, ndipo akakubali kuweka kiganja juu yake. Hata hivyo alikuwa akimaliza kukitumia anakigeuza chali, ili panya huyo asije akaondoka, nadhani.

Na mimi sikusalimika. Jioni moja Mwalimu alifoka, "Jamani, mashine zenu zinakuwa nzito! Fungeni madirisha yote yaliyo wazi!" Nikajua mvua inakuja, na nguo za wateja zimetundikwa pale dirishani. Nikainuka, nikafunga la mbele, nikafunga la nyuma, nikakimbilia la jikoni. Niliporudi natweta, jasho linanitoka, Masjala alikuwa amejiinamia juu ya meza anacheka hadi machozi, na maikrofoni iko wazi.

"Nani huyo anayebamiza?" Mwalimu akauliza.

"Mume wangu, Mwalimu. Anafunga madirisha."

Darasa zima liliangua kicheko. Kuanzia siku hiyo nikawa napewa salamu kila jioni: Mzee wa Madirisha hajambo? Nilitaka kununa lakini nikashindwa.

Walipofika kwenye majedwali, Mwalimu akawaeleza kwamba kila kisanduku kidogo kinaitwa seli, na kila mtu aandike jina lake kwenye seli ya kwanza. Stoo akagoma.

"Mwalimu, mimi jina langu siliweki seli. Sijafanya kosa lolote."

Mtu wa stoo akilisikia neno hilo lazima ashtuke, hatumlaumu. Alibembelezwa hadi akaandika jina la shemeji yake.

Lakini kitu kilichomwingia Masjala kabisa ni habari ya pipa. Mwalimu alieleza kwamba ukikifuta kitu hakijapotea. Kimekwenda tu kwenye pipa, na ukijuta unakirudisha. Ila ukishalimwaga pipa, basi tena, kwaheri isiyo ya kuonana. Na ndiyo maana, alikazania kila siku mpaka mimi mwenyewe nikawa naota, ndiyo maana mwenye akili huweka nakala mahali pengine.

"Taka inayorudi!" Masjala akasema. "Kumbe hawa watu wana akili."

Alianza kuandika kwa kidole kimoja, akikishusha juu ya kila herufi kama anayeponda mdudu, na hadi leo ni kidole hicho hicho. Lakini alikuwa hachoki. Alijikaza kisabuni. Kwenye mazoezi ya majedwali alitakiwa atengeneze jedwali la kitu anachokijua vizuri, naye akatengeneza la makosa yangu: safu ya kosa, safu ya siku, safu ya kisingizio nilichotoa. Likawa refu hivi kwamba ndilo lililomfundisha kushuka chini kwa kipanya. Nikamwomba aliondoe. Akaniambia hata akiliondoa haisaidii, nakala ameiweka mahali pengine, kwa dada yake.

Mtihani ukaja, na Masjala akaongoza darasa zima. Stoo alishika mkia lakini alipita. Mfumo mwenyewe hakuwahi kuhudhuria hata jioni moja; alisema yeye haya mambo anayajua. Mke wangu akaletewa cheti chenye jina lake kamili, lile asiloitikia, nami nikakitengenezea fremu nikakitundika juu ya cherehani. Jioni ile alipoingia akatazama sakafu na kusema, "Hizi nyuzi ni za nani? Au ndio tunafuga?" Nilifurahi mno. Nikajua mke wangu amerudi.

Hazikupita siku nyingi akarudi tena kimya.

"Wamekuja watu na futi," akasema. "Wamepima masjala. Urefu, upana, mpaka dirisha."

Mimi kazi yangu ni kupima. Najua hakuna anayetoa futi mfukoni kama hana la kushona. Lakini nikajifanya mjinga, nikamwambia labda wanataka kupaka rangi.

Kesho yake akamwuliza Mfumo mwenyewe, naye akamjibu kwa furaha, kama anayempa mtu zawadi. Vijana wa mkataba walikuwa wamekwisha kupiga picha kila karatasi ya kila faili, na zote sasa zimo ndani ya kompyuta iliyowekwa mezani kwa Masjala, katika folda moja iitwayo Mafaili ya Zamani. Kwa hiyo karatasi hazina kazi. Wakubwa kutoka makao makuu wanakuja kukagua, wakiridhika karatasi zinachomwa moto, rafu zinang'olewa, na chumba kinakuwa ukumbi wa mikutano wenye viti vya kuzunguka.

"Na mimi, bosi?" mke wangu aliuliza.

"Usiwe na wasiwasi kabisa, mama. Getini tunaweka kompyuta. Na wewe una cheti!"

Alinieleza hayo huku akikunja nguo za wateja, anakunja na kukunjua, anakunja na kukunjua.

"Kwa hiyo ningeshindwa, ningekwenda getini," akasema. "Nimefaulu, nakwenda getini."

"Lakini sasa unakwenda na kompyuta," nikasema, na papo hapo nikatamani kuukata ulimi wangu kwa mkasi wangu mwenyewe.

Akalia. Siyo kilio cha kelele. Alikaa tu kwenye kiti cha wateja, shati la mtu mapajani, machozi yanamdondokea mikononi. Nilikaa karibu naye. Niliumia, siwezi kuficha. Nilikuwa na hasira na yule kijana kiasi kwamba kama angekuja kwangu kupima suti ningeziacha pini zote ndani. Mtu unamfanya ajifunze kushika panya uzeeni, anashika, halafu unamwambia asante, chukua kibanda.

Yaliyofuata sikuyaona kwa macho yangu. Nilisimuliwa na Stoo, aliyekuja kwangu kupanua suruali. Alicheka hadi akashindwa kusimama wima nimpime, kwa hiyo nikamsikiliza kwanza.

Ilikuwa siku moja kabla ya wakubwa kufika. Stoo alikuwa masjala amepeleka katoni la karatasi. Mfumo akapita mbio mlangoni, simu sikioni, mkono mmoja kwenye tai.

"Masjala! Yale mafaili ya zamani, yafute yote leo. Kesho nataka wageni wakute pasafi."

Masjala akainua uso kutoka kwenye kompyuta. "Yote, bosi?"

"Yote. Usibakize hata moja."

"Na pipa?"

"Pipa nalo ulimwage!" Akaenda zake, anaendelea na simu.

Stoo alisema Masjala alikaa kidogo akiangalia kioo, halafu akakigeuza kipanya kifudifudi, akaanza kazi.

Kesho yake wakubwa wakaja. Kiongozi wao mama mmoja mtu mzima, miwani imefungwa mnyororo shingoni, hana haraka na mtu. Mfumo aliwaketisha humo humo masjala, kwenye viti alivyoleta Stoo, ili waone chumba kabla ya kubomolewa. Kompyuta ya Masjala ikaunganishwa na projekta inayomulika ukutani, kila kitu kinaonekana kikubwa. Mfumo akatoa hotuba ndefu. Akasema sasa wataona kazi ya miaka yote ndani ya kubofya kumoja. Akabofya.

Ukutani pakatokea maandishi: Folda hii haina kitu.

Akabofya tena. Folda hii haina kitu. Akatabasamu lile tabasamu la mtu aliyesikia suruali ikichanika nyuma mbele za watu.

"Masjala. Mafaili yako wapi?"

"Nimeyafuta, bosi."

"Umefanya nini?"

"Nimeyafuta yote. Sikubakiza hata moja, kama ulivyosema."

"Mimi nilisema ufute!" Sauti ikampanda. "Kufuta! Haya!" Akapiga rafu iliyo karibu naye kwa kiganja, na vumbi likatimka, likamwangukia mabegani kwenye ile suti. "Vumbi! Kwa kitambaa!"

"Vumbi hukulitaja, bosi. Ulitaja mafaili."

"Sasa mtu unawezaje kudiliti..."

"Hatusemi diliti," Masjala akamrekebisha kwa heshima zote, mikono imeshikana mbele. "Tunasema futa. Tulifundishwa hivyo kwenye darasa ulilotupeleka. Tuna lugha yetu, tuionee fahari."

Stoo anasema yule mama wa miwani aliinamisha uso kwenye makaratasi yake, mabega yakawa yanamtikisika.

"Fungua pipa!" Mfumo akapiga kelele. "Yatakuwa kwenye pipa!"

"Pipa nalo ulisema nilimwage."

"La mlangoni! La maganda!"

"Hilo la maganda hulimwagwa na mfagiaji, bosi. Kila siku. Halijawahi kuhitaji amri yako."

Mama wa miwani akainua uso. "Kijana," akasema polepole, "nakala mliiweka wapi?"

Mfumo akakodoa macho. "Nakala ipi?"

Hapo Stoo, mshika mkia, aliyekuwa amejibanza nyuma ya viti, akashindwa kujizuia. "Bosi, somo la nakala lilikuwa zuri sana," akasema. "Pole hukuwepo."

Vijana wa mkataba walikwisha kwenda zao, kila mtu na njia yake. Kazi yote ikawa imerudi mwanzo. Yule mama akatoa amri zake palepale, bila kupandisha sauti. Karatasi zisichomwe, hata moja. Rafu zisiguswe. Picha zipigwe upya, faili kwa faili, kwa utulivu, na kila siku nakala iwekwe mahali pengine. Masjala akapewa karipio la mdomo kwamba siku nyingine akiambiwa jambo kubwa aulize mara mbili. Mfumo akaandikishwa kwenye darasa la mtandaoni, jioni, kuanzia somo la kwanza.

"Na hiyo kazi ya kupiga picha upya ataifanya nani?" mama wa miwani akauliza. "Hapa nani mwenye cheti cha juu?"

Wote wakamtazama Masjala.

"Peke yako, mama, itakuchukua muda gani?"

Masjala akazitazama rafu kuanzia chini hadi dari, akakitazama kidole chake. "Nikijitahidi sana," akasema, "nitakuwa nimemaliza siku nitakayostaafu."

Stoo alipofika hapo akakaa chini kabisa sakafuni kwangu, juu ya nyuzi, anajifuta machozi. "Fundi, mkeo ni mtu mwema lakini loo, ni mzito wa kuelewa! Kila mtu mle ndani alijua Mfumo alimaanisha vumbi. Hata mimi nilijua, mimi wa mkia!"

Nikacheka naye. Nilicheka kwa raha, maana mke wangu alikuwa amenusurika, na amenusurika kwa ujinga wake mwenyewe, jambo ambalo mume hupata nafasi ya kulitumia mara chache. Nikajiandaa. Nikapanga utani wangu wote kama pini kwenye mto.

Jioni Masjala akaingia. Akatazama sakafu.

"Stoo amekaa hapa," akasema. "Nyuzi zimelala upande mmoja. Na wewe umemwacha akae kwenye uchafu, mgeni wa watu. Hilo naliingiza kwenye jedwali."

"Ingiza," nikasema. "Ila uangalie usije ukafuta nyumba nzima."

Alifungua mkoba wake, akatoa kile kitambaa chake cha kazini akaniwekea juu ya cherehani.

"Nishonee kingine, Fundi. Hiki kimekwisha."

Nikakishika. Nilikikata mimi kwa suruali nzito, kitambaa cha kuzikana nacho, lakini katikati kilikuwa kimelika kabisa. Nikakiinua kwenye taa, nikamwona mke wangu upande wa pili.

"Umekifanya nini hiki mpaka kikawa hivi?"

"Nimefutia mafaili. Wageni wakija, bosi hupita mlangoni. Anasema: Masjala, yafute mafaili yale, usibakize. Bosi wa kwanza alisema hivyo. Yule mfupi akasema hivyo, na yule aliyehamishwa. Wote. Maneno ni yale yale miaka yote."

Niliuondoa mguu kwenye cherehani. Utani wangu wote ukaniishia mdomoni.

"Kwa hiyo ulijua," nikasema.

Akavuta kile kiti cha wateja, akakaa. Alikuwa amechoka, na uso wake ulikuwa umetulia kama ambavyo sikuuona kwa muda mrefu.

"Ile mashine ina adabu kuliko Mfumo," akasema. "Nilipobonyeza, haikufuta moja kwa moja. Iliniuliza kwanza. Ikaandika kabisa: una uhakika?"

"Ukafanyaje?"

"Nikakaa kidogo. Nikaangalia rafu zangu. Nikakifikiria kile kibanda cha mabati." Akanyoosha kile kidole chake kimoja, akakishusha taratibu juu ya meza yangu. "Nikaiambia ndiyo."

Kisha akaniambia nifagie nyuzi zangu, nami nikainuka nikafagia.